Kadi ya Sukari

Oktoba, Kujawy. Malori ya viazi-sukari
yanadondosha tope kwenye kona ya kanisa,
na moshi wa kiwanda, ajabu, haunukii utamu.
Unanukia udongo uliochemshwa.

Nimechuchumaa dukani, kopo la mtindi mkononi.
Sungura aliyechorwa kifunikoni anacheka:
*kwa watoto kuanzia miezi sita.*
Nageuza kopo. Mgongoni, herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Sukari ina majina kama mtu anayekimbia madeni:
mtaa huu ni glukosi,
mtaa wa pili ni sharubati ya mahindi,
na akibanwa kabisa huapa yeye ni juisi nzito ya zabibu,
tunda tu, mama, tunda tu.
Namrudisha sungura kwenye baridi yake.
Bado anacheka.

Jagoda ana mwaka na miezi saba, meno kumi na mawili.
Nimeyahesabu kwa kidole, na kidole ni shahidi.
Namkwangulia tufaha la mti wa jirani,
lenye doa, lenye tundu alikopita mdudu;
nalichemsha kwa maji, basi, nalikoroga katika uji wa oti.
Anakunja uso. Anatema.
Ananitazama kama hakimu aliyekwisha andika hukumu.
Kesho, tena. Keshokutwa, tena.
Mara ya tisa anameza.
Mara ya kumi anafumbua kinywa kabla kijiko hakijafika.
Ulimi hauna mfupa, ndiyo,
lakini una kumbukumbu.

Jumapili mama mkwe, Genowefa, amekuja.
Natoka kuanua nepi; narudi, namkuta mtoto mapajani,
chai kikombeni, vijiko viwili,
chembe nyeupe kwenye kidevu cha mwanangu.
"Kidogo tu," anasema. "Mtoto si mtawa."

Nilikuwa na hotuba. Nimeifanyia mazoezi wiki nzima,
nikiosha vyombo, nikiwatolea vijiko mifano.
Lakini yeye amefungua pochi,
ametoa karatasi ya kijivu iliyokunjwa mara nne:
kadi ya sukari, ya zama za foleni.
"Radosław alikuwa na umri huu huu.
Nilisimama tangu alfajiri, theluji ndani ya viatu,
kwa ajili ya hicho unachokiogopa.
Mtoto asiyelambishwa sukari
alikuwa mtoto asiye na wa kumsimamia."

Nikaitazama kadi. Kuponi moja haikukatwa.
"Na hii?"
"Mwezi ule haikufika."
"Ulimpa nini?"
"Bitiruti. Niliichoma tanurini na ganda lake."
"Akala?"
"Akala? Alilamba sahani, akalamba na meza..."
Akanyamaza.
Nje lori lilipita, vikombe vikatetemeka kabatini.
Kisha akaivuta chai ile upande wake,
akainywa yote, vijiko vyote viwili,
bila kunitazama.

Hotuba yangu sikuitoa. Ningemwambia nini?
Kwamba upendo wake una majina mengi mgongoni,
herufi ndogo, nami sijui kuyasoma yote?
Na mimi huyu, usiku wakishalala,
hula chokoleti nimesimama,
taa ya jokofu ikinimulika kama mwizi.

Tulichoma bitiruti. Tulisubiri saa nzima.
Genowefa aliimenya ingali moto, akipuliza vidole,
na Jagoda akaipokea kwa mikono miwili,
akajipaka hadi nyusi,
akaipaka nywele za bibi yake, akaipaka ukuta.
Ukuta ule sijaufuta mpaka leo.

Jioni, nikitundika koti la mtoto,
nilikuta mfukoni karatasi ya peremende,
imekunjwa mara nne.
Tupu.
Nikaikunja mara ya tano, nikaiweka mfukoni mwangu.
Vita hivi si vya siku moja,
na adui yangu, jamani,
aliniachia pia mezani bitiruti tatu za kesho,
zimeoshwa, zimefunikwa kwa kitambaa.